Uso Umerudi, Sauti Bado: Kiswahili katika Hadithi za Katuni za Kongo

1. Kitabu na mahali pake

Miongoni mwa albamu za katuni zinazostahili kusomwa na wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Kongo, Madame Livingstone ina nafasi ya pekee, ingawa haikuandikwa kwa Kiswahili. Ilichapishwa nchini Ufaransa na Glénat mwaka wa 2014. Michoro ni ya Barly Baruti, aliyezaliwa mwaka wa 1959 huko Kisangani, mji ambamo Kiswahili na Lingala hukutana sokoni na nyumbani. Maneno ni ya Christophe Cassiau-Haurie, mkutubi na mtafiti wa historia ya katuni za Kiafrika. Lugha ya kitabu ni Kifaransa. Mahali pa hadithi, hata hivyo, ni ufuko wa Ziwa Tanganyika, na wakati wake ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Yaani hadithi imewekwa katika nchi ya Kiswahili, katika vita ambavyo Kiswahili kilitumika pande zote mbili za ziwa. Tofauti hiyo kati ya lugha ya kitabu na lugha ya mahali ndiyo itakayochunguzwa katika makala haya.

Kisa kinaelezeka kwa maneno machache. Rubani wa Kibelgiji, Gaston Mercier, anatumwa ziwani ili aizamishe meli ya kivita ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anapewa kiongozi wa njia, mtu anayelijua ziwa na watu wake, ambaye siku zote huvaa sketi ya Kiskoti na anayesemekana kuwa mtoto wa David Livingstone. Kwa sababu ya vazi hilo amebandikwa jina la dhihaka, «Madame Livingstone». Katika safari yao rubani anajifunza mambo mengi juu ya ukoloni ambayo hakuelezwa na wakubwa wake.

Mambo kadhaa ya kitabu yana mizizi katika historia. Meli hiyo ilikuwapo. Iliundwa Ujerumani, ikabomolewa, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, na ikashushwa majini mwaka wa 1915. Juni 1916 ndege za majini za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma kwa mabomu, na Julai mwaka huo Wajerumani wenyewe waliizamisha meli wasije wakaiachia adui. Baadaye ilitolewa majini, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hata sketi si jambo geni katika historia ya ziwa hilo. Geoffrey Spicer-Simson, aliyeongoza kikosi kidogo cha wanamaji wa Kiingereza na mashua zao Mimi na Toutou, alijulikana kwa kuvaa sketi mbele ya askari wake. Msomaji anayedhani kwamba watungaji wametia chumvi katika suala la mavazi atakuta kuwa historia yenyewe iliwatangulia.

2. Uso uliorudishwa

Thamani ya michoro ya Baruti haionekani vizuri mpaka ikumbukwe ni nini kilichotangulia. Kwa muda mrefu Kongo iliyojulikana zaidi katika katuni ilikuwa ile ya Hergé. Tintin au Congo ilianza kutolewa kwa sehemu mwaka wa 1930 katika gazeti la watoto la Brussels, Le Petit Vingtième, ikawa albamu mwaka wa 1931, na mwaka wa 1946 ikachorwa upya kwa rangi. Mtungaji wake hakuwa amefika Kongo. Katika toleo la mwanzo Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo hilo likageuzwa kuwa la hesabu. Somo lilibadilishwa, bali nyuso hazikubadilika. Wakongomani wa Hergé wamebaki na uso mmoja, midomo ileile na macho yaleyale, kana kwamba wote wametoka katika muhuri mmoja. Mwaka wa 2007 mwananchi mmoja wa Kongo alipeleka shauri mahakamani Brussels kutaka kitabu hicho kizuiwe, na mwaka wa 2012 mahakama ikalikataa ombi lake.

Baruti hajibu kwa maneno makali. Jibu lake ni mchoro. Katika kurasa zake hakuna watu wawili wenye uso mmoja. Mpagazi ana umri wake, askari ana uchovu wake, na mzee ana namna yake ya kumtazama mgeni. Kiongozi mwenye sketi angeweza kwa urahisi kufanywa mtu wa kuchekesha tu, maana jina lake na vazi lake vinaalika kicheko. Mchoraji amekataa njia hiyo. Amempa mwili wenye heshima, na macho ambayo mara nyingi yanajua zaidi kuliko yanavyotaka kusema. Kwa hiyo dhihaka iliyomo katika jina inawarudia waliolitunga: msomaji anaanza kwa kulicheka vazi, kisha anajikuta anawatilia shaka wale wanaolicheka. Rangi nazo zimepakwa kwa mkono wa mchoraji anayeijua nchi ya joto. Ziwa limeoneshwa kama mahali pa kazi, pa hatari na pa kuishi, wala si pazia la nyuma tu.

Kwa upande wa picha, basi, deni la 1931 limelipwa kwa kiasi kikubwa. Mkongomani amerudishiwa uso wake, na aliyemrudishia ni Mkongomani mwenzake.

3. Sauti iliyobaki nje

Hadithi ya katuni ina picha, na pia ina viputo vya maneno, yaani ile nafasi iliyozungushiwa mstari ambamo mhusika hupewa ruhusa ya kusema. Yafaa kukumbuka kwamba kosa kubwa la Tintin au Congo halikuwa la picha peke yake. Wakongomani wa kitabu kile husema Kifaransa kilichovunjika, na Milou, mbwa wa Tintin, husema Kifaransa fasaha. Mbwa amepewa sarufi ambayo watu wamenyimwa. Mahali pa kwanza pa kupima heshima ya mhusika katika katuni ni kiputo chake.

Katika Madame Livingstone aibu hiyo imeondolewa. Mtoto wa Livingstone ni mtu wa maneno mazuri na fikra pana. Lakini mazungumzo yanachukuliwa na Kifaransa, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kuuliza swali. Je, mtu huyu katika mwaka ule na mahali pale angesema lugha gani?

Jibu halihitaji kubahatisha sana. Livingstone alifariki mwaka wa 1873. Mtoto wake, kama angekuwapo, angekuwa amepita miaka arobaini wakati wa vita. Angekuwa amekua katika nchi iliyopitiwa na misafara ya Ujiji, Nyangwe na Maniema, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara na ya safari kabla ya bendera ya Ulaya kupandishwa. Livingstone mwenyewe alitembea na watu wa lugha hiyo: Susi na Chuma, walioubeba mwili wake mpaka pwani, walikuwa sehemu ya ulimwengu huo. Upande wa Wajerumani, askari waliamriwa kwa Kiswahili. Upande wa Wabelgiji, mashariki ya Kongo, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuelewana kati ya watu wa makabila mbalimbali waliochukuliwa kuwa askari na wapagazi. Idadi ya wapagazi hao katika kampeni ya Wabelgiji iliyofika Tabora Septemba 1916 inakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili. Vita hivyo, kwa waliovibeba mabegani, vilikuwa vita vya Kiswahili.

Hivyo basi urafiki wa rubani na kiongozi wake, ambao ndio moyo wa kitabu, unakosa jambo moja: ugumu wa kuelewana. Hakuna tafsiri kati yao, hakuna neno linalokwama, hakuna wakati ambapo rubani mwenye mamlaka anakuwa kama mtoto mchanga kwa sababu watu wanaomzunguka wanasema asichokielewa. Mwandishi wa kumpinga mkoloni angeweza kupata nguvu kubwa hapo. Kiongozi wa njia ni mtu anayesimama kati ya lugha mbili, na nguvu yake ni kujua analotafsiri na analolificha. Pale ambapo kila mtu anasema Kifaransa kilekile, nguvu hiyo inapungua.

Si haki kuwalaumu watungaji peke yao. Albamu ya rangi yenye jalada gumu ni kitu cha gharama, wanunuzi wake wengi wako Ufaransa na Ubelgiji, na mchoraji naye anakula kwa kazi yake. Mchapishaji wa Ulaya hanunui hadithi ambayo wasomaji wake hawataisoma. Sababu hizo ni za kweli. Hata hivyo, sababu ya soko inaeleza hali ilivyo bila kufuta hasara iliyopatikana.

4. Picha inayosubiri msimulizi

Mtu anaweza kudhani kwamba Kiswahili cha Kongo hakina desturi ya kuungana na picha. Lubumbashi inakanusha dhana hiyo. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974, alichora mfululizo mrefu wa picha juu ya historia ya nchi yake, kuanzia mababu, kupitia kwa wageni na ukoloni, hadi kuuawa kwa Lumumba na siku za baadaye. Kila picha aliisimulia kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Shaba, mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyezinasa sauti hizo. Picha 101 na masimulizi yake zilichapishwa mwaka wa 1996 katika kitabu cha Kiingereza kiitwacho Remembering the Present.

Mfululizo huo una karibu kila sifa ya hadithi ya katuni: picha zenye utaratibu, wahusika wanaorudi, na maandishi mafupi ndani ya mchoro. Kilicho tofauti ni mahali pa sauti. Maandishi yaliyopakwa kwenye turubai mara nyingi ni ya Kifaransa, na Kiswahili kinakaa nje ya fremu, kinywani mwa msimulizi. Wenyeji wa Lubumbashi waliozitundika picha za aina hiyo sebuleni waliziita ukumbusho. Neno hilo lina maana pana. Picha haikutundikwa ili itazamwe kimya. Ilitundikwa ili mtu aanze kusema. Mgeni anapoelekeza macho ukutani, mwenye nyumba hupata nafasi ya kusimulia mambo ya «Colonie Belge», yaani mateso ya kiboko na gereza.

Msomaji wa albamu ya Kifaransa katika miji ya mashariki hufanya jambo linalofanana na hilo. Kitabu kimoja hupita mikononi mwa watu wengi. Anayesoma Kifaransa vizuri huwaeleza wenzake, na maelezo yake ni ya Kiswahili. Kwa njia hiyo sauti iliyoachwa nje na mchapishaji hurudishwa na wasomaji, lakini hurudishwa hewani tu. Kitabu kikifungwa, sauti imekwisha.

5. Miji iliyokwisha kujibu

Je, inawezekana kuiweka sauti hiyo ndani ya kiputo? Kinshasa ilijibu zamani. Kuanzia mwaka wa 1968 jarida la Jeunes pour Jeunes liliwapa wahusika wake lugha ya vijana wa mji, yenye mchanganyiko wa Kifaransa, Lingala na Hindubill. Mwaka wa 1990 Papa Mfumu'Eto alianza kuuza barabarani vijarida vyake vya Lingala, vya karatasi duni na bei ndogo. Hadithi yake ya mkubwa anayegeuka chatu, akammeza mwanamke na kisha kutapika dola, ilizungumzwa katika mji mzima. Watu walioinunua hawakuihitaji tafsiri. Katika hadithi hiyo walitambua uvumi wao wenyewe, hofu yao na namna yao ya kusema.

Kwa Kiswahili, mifano iko mashariki zaidi. Dar es Salaam ilikuwa na jarida la Sani, ambamo Philip Ndunguru alimchora Ndumilakuwili. Jina hilo, ambalo ni la nyoka wa vichwa viwili na pia la mtu wa kuuma kuwili, lilitosha kumweleza mhusika kabla hajafungua kinywa. Nairobi nayo ilichapisha mwaka wa 1996, kwa jina la Sasa Sema, kitabu cha Abunuwasi cha mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Katika Abunuwasi hila ya mhusika ni hila ya lugha: anashinda kwa kulishika neno la mwenzake na kulirudisha kwa maana nyingine. Hadithi za namna hiyo zinaonesha kwamba kiputo ni nyumba inayofaa kabisa kwa Kiswahili, lugha inayopenda majibizano.

Kongo ya Mashariki inakaa kati ya mifano hiyo miwili. Ina wachoraji mashuhuri, na ina mamilioni ya wasemaji wa lugha ambayo katiba ya 2006 inaitaja kuwa moja ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, albamu kubwa zinazoizungumzia nchi hiyo zinajulikana kwa Kifaransa.

6. Kiswahili kipi?

Kikwazo kinachotajwa mara kwa mara ni aina ya Kiswahili. Mwandishi wa Lubumbashi au Bukavu anayetaka kuandika hukuta milango miwili, na kila mmoja una tatizo lake. Akiandika Kiswahili sanifu, wasomaji wake wanamsifu na kumwona kama mwalimu, bali hawajisikii wenyewe. Akiandika lugha ya mtaani, anaambiwa kwamba ameharibu lugha, na wasomaji wa ng'ambo ya ziwa wanakwama. Anayeandika sanifu husema, «Watu wote walikwenda kazini.» Mtu wa Lubumbashi husema, «Batu bote balienda ku kazi.» Tofauti si ya makosa, ni ya utaratibu. Wa- inakuwa ba-. Ku na mu zinasimama peke yake badala ya kiambishi cha mwisho. Na kitenzi kutumika kinachukua maana ya kufanya kazi. Lugha hiyo ina kanuni zake, nayo imekwisha kuandikwa: historia ya Elisabethville iliyotungwa mwaka wa 1965 na André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu, ni ushahidi wa kutosha.

Katika riwaya swali hilo ni gumu, kwa kuwa sauti ya msimulizi na sauti za wahusika zinagombania ukurasa mmoja. Hadithi ya katuni ina faida ambayo riwaya haina. Ukurasa wake umegawanywa tayari sehemu mbili za maneno: kisanduku cha maelezo, ambacho ni cha msimulizi, na kiputo, ambacho ni cha mhusika. Kisanduku kinaweza kusema kwa sanifu: «Juni 1916. Msafara wa wapagazi unafika ufukweni.» Chini yake, mpagazi aliyechorwa na mzigo kichwani anaweza kumwambia kiongozi wake: «Mukubwa, batu banachoka. Mizigo iko mingi.» Hakuna msomaji wa Kigoma atakayeshindwa kuelewa, maana picha inamsaidia. Hakuna msomaji wa Kalemie atakayejiona mgeni, maana sauti ni ya kwao. Na hakuna atakayedhani kwamba mpagazi amenyimwa sarufi, kwa kuwa sarufi yake iko palepale na inafuata sheria zake.

Hatari moja haina budi kutajwa. Ikiwa wapagazi na watumishi peke yao wanasema lugha ya mtaani, na mabwana wote wanasema sanifu, kosa la Hergé litakuwa limerudi kwa mlango wa nyuma. Lugha ya mji ipewe pia hakimu, daktari, mama mwenye busara na mtoto wa Livingstone mwenyewe. Vivyo hivyo, afisa wa Kibelgiji aoneshwe akikisema Kiswahili chake cha amri, kifupi na kikali, kwa kuwa hicho nacho ni sehemu ya historia ya lugha hii na hakifai kufichwa kwa adabu.

7. Kazi iliyobaki

Madame Livingstone ni kitabu kizuri, na uzuri wake ndio unaolifanya swali la lugha liwe zito. Kitabu kibaya kingeachwa. Baruti ameonesha kwamba historia ya Tanganyika na Maniema inaweza kuchorwa na mkono wa Mkongomani, kwa ufundi unaokubalika popote duniani, bila kumwomba mtu yeyote radhi. Yanayobaki yanawahusu zaidi watu wa Kiswahili kuliko mchoraji.

Idara za lugha zinaweza kuanza kwa kazi ndogo. Kurasa chache za albamu hiyo zitazamwe darasani, na kila mwanafunzi aandike upya maneno yake: visanduku kwa sanifu, viputo kwa lugha ya nyumbani kwake, iwe ya Lubumbashi, ya Kindu, ya Bukavu au ya Kisangani. Matokeo yatakapolinganishwa, maswali halisi yatajitokeza: namna ya kuendeleza maneno, neno lipi linaeleweka miji yote minne, ni wapi mhusika anapaswa kubadili lugha kwa sababu amebadilisha mtu anayeongea naye. Hayo ni maswali ya isimu na ya fasihi kwa pamoja, na majibu yake hayawezi kuagizwa kutoka Paris wala kutoka Dar es Salaam. Mchoraji atakayekuja kesho na hadithi ya ziwa hili atahitaji kukuta majibu hayo yamekwisha kujadiliwa, ili mpagazi wake atakapofungua kinywa kusiwe na shaka ni nani anayesema.